Gamba la konokono na kijiti cha chelewa

Mzee wa kahawa hupita mtaani kwetu, Lindi mjini, kila jioni jua likishapoa. Hana haja ya kuita wateja. Mkono mmoja umebeba dele lenye makaa chini yake, mwingine umeshika vikombe viwili vya kaure anavyovigonganisha: che-che-che, ananyamaza, che-che. Ukiwa uani unakuna nazi unajua kabisa kwamba sasa yuko kona ya msikiti, sasa amefika kwa fundi cherehani, sasa yuko mlangoni.

Mtoto wa dada yangu, kabla hata hajaweza kutamka majina yetu sawasawa, alikuwa ameshaijua sauti hiyo. Vikombe vikilia anaacha kila kitu na kukimbilia mlangoni, kiganja wazi, kusubiri kashata. Mama yangu alizoea kumwekea shilingi mia mbili juu ya kizingiti cha dirisha, iwe tayari.

Kisha mtoto akaugua, akalazwa, akapona, akarudi nyumbani. Siku moja jioni mzee wa kahawa akasimama mlangoni kama kawaida na kugonga vikombe. Mtoto alikuwa ameketi sakafuni akipanga visoda, mgongo kaupa mlango. Hakugeuka. Mama akamwomba mzee agonge tena, karibu zaidi. Mzee akainama, akagonga nyuma ya kisogo chake. Mtoto akaendelea kupanga visoda. Ni pale kivuli cha mzee kilipoangukia visoda vile ndipo alipoinua uso, akacheka, akanyoosha mkono.

Usiku huo Mama alinipigia simu. Wakati ule nilikuwa nafanya kazi Mtwara. Hakunisalimu kwa kirefu kama desturi yake. Alisema, "Mwanangu, huyu mtoto hasikii."

Kwetu Wamwera mjomba haji kwenye shughuli tu na kuondoka. Mtoto wa dada ni mtoto wako, na akipatwa na jambo wewe ndiye unayeulizwa. Kwa hiyo naandika haya nikiwa mtu mwenye dhamana, na pia kwa sababu tangu simu ile nimesoma mambo mengi ambayo ningetamani mtu angeniambia mapema, wiki ile ile tuliyotoka hospitali.

Ugonjwa wenyewe ulianza kwa homa na kutapika. Siku ya pili akapata mtikisiko, macho yakapinduka, na nyumba nzima ikasema degedege. Jirani alileta majani ya kumfukiza. Alikuja usiku, kwa huruma, na sina neno baya juu yake. Lakini zilipita karibu siku mbili kabla ya kumpeleka hospitali. Huko walimchoma sindano ya mgongo, wakatoa maji, wakatuambia ni homa ya uti wa mgongo. Wakamwekea dripu na dawa kali kwa siku nyingi. Walimwokoa. Watoto wengi hawatoki kwenye ugonjwa ule, na siku tuliyombeba kurudi nyumbani tulikuwa kama watu waliopewa mtoto mara ya pili.

Karatasi ya kuruhusiwa ilikuwa na majina ya dawa na tarehe ya kurudi. Juu ya masikio haikuwa na hata mstari mmoja. Baada ya simu ya Mama, dada alimpeleka kwenye zahanati fulani. Akaambiwa asubiri, watoto wakitoka kuugua sana hulegea kidogo, atakaa sawa. Tukasubiri. Kisha tukasubiri fedha za korosho, kwa sababu safari ya Dar es Salaam, mahali pa kulala na vipimo vyote vilihitaji pesa ambazo hatukuwa nazo mpaka mnada upite. Kwa jumla tulitumia miezi minane. Nitarudi kwenye miezi hiyo minane, maana ndiyo iliyoamua kila kitu.

Njiani kwenda Dar es Salaam basi lilisimama Somanga, wauza samaki wakaja madirishani wakiinua sahani, wakiita kwa pamoja. Mtoto alikuwa magotini kwangu. Akapeleka macho kutoka mdomo mmoja hadi mwingine, taratibu, kama anayejaribu kusoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo. Nikajua hapo kwamba siku zote alikuwa akitafuta sauti zimekwenda wapi, na sisi tulidhani amekuwa mpole.

Dar es Salaam, katika hospitali tuliyoelekezwa, walimlaza usingizi na kumbandika nyaya ndogo kichwani, wakamwekea vipaza sauti masikioni, wakaangalia kama ubongo unajibu. Haukujibu, hata kwa sauti kubwa kabisa. Ikafuata picha ya siti-skani. Daktari akatuita mimi na dada. "Mjomba, sogea uone," akasema, akageuza skrini. Akatuonyesha kwanza picha ya sikio zima la mtoto mwingine: katikati ya weupe wa mfupa palikuwa na alama nyeusi iliyojikunja kama konokono. Kisha akaleta ya kwetu. Weupe ulikuwa umejaa mpaka ndani. Pembeni, mwanzoni kabisa, palibaki doa la kijivu.

"Njia imeziba," alisema. "Pande zote mbili. Imegeuka mfupa."

Niliuliza, njia ya nini?

Alitueleza kwa upole na kwa kirefu, lakini siku hiyo nilisikia nusu. Nusu iliyobaki nilijielimisha mwenyewe kwenye simu, usiku baada ya usiku.

Sehemu ya ndani kabisa ya sikio inaitwa koklea, jina lililotoka kwenye neno la Kigiriki la konokono. Ni mfereji uliojizungusha mara mbili na nusu hivi ndani ya mfupa mgumu kuliko yote mwilini. Ukiunyoosha haufiki sentimita 4. Ndani mna majimaji, na kwenye majimaji hayo zimepangwa seli zenye vinywele vidogo mno, kama 15,000 kwa kila sikio. Sauti hugonga kiwambo cha sikio, vifupa vitatu vikaipokezana, majimaji yakatikisika, vinywele vikapinda, na kupinda huko ndiko kunakozaa umeme unaokwenda kwenye ubongo. Seli hizo zimepangwa kwa mtindo wa marimba: sauti nyembamba, kama mlio wa ndege, husikika mlangoni mwa konokono, sauti nene, kama ngoma kubwa, husikika huko ndani kwenye ncha. Mwanasayansi Georg von Békésy alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1961 kwa kuchunguza jinsi wimbi linavyosafiri humo.

Ndege akipoteza seli hizi huota nyingine. Mwanadamu hapana. Zile ulizozaliwa nazo ndizo za maisha yako yote.

Niliposoma hapo nilimkumbuka baba yangu mdogo. Ujanani mwake alikuwa na wenzake waliovua kwa baruti, balaa lililoharibu miamba ya pwani yetu yote, kuanzia Mtwara, Lindi hadi Kilwa na kupanda juu. Yeye aliacha mapema, lakini masikio hayakuacha. Mpaka leo ukimpa habari lazima ukae upande wa kulia, na harusini anakaa mbali na spika kwa sababu maneno humchanganyikia, akabaki anatabasamu tu. Mlipuko ule hupasua kiwambo, nacho huweza kufunga. Vinywele ulivyovilaza havisimami tena. Miaka yote tulisema baba mdogo ana masikio mazito, kana kwamba ni tabia. Ana jeraha.

Sasa, kifaa cha kumsaidia kiziwi kusikia. Shime sikio la kawaida, lile linalovaliwa sikioni, hukuza sauti tu, na hukuzia seli zilizobaki. Kama seli zimekufa zote, hata ukipaza vipi hakuna wa kupokea. Kipandikizi cha koklea hufanya jambo jingine. Nje, nyuma ya sikio, kuna maikrofoni na kichakata sauti kinachoigawa sauti kufuata unene na wembamba wake. Taarifa hiyo hupitishwa kwenye ngozi kwa mawimbi ya redio, sehemu ya nje ikishikizwa na sumaku, mpaka kwenye kipokezi kilichopandikizwa chini ya ngozi. Kutoka hapo uzi laini wenye vituo vidogo vya umeme huingizwa ndani ya konokono, ukajizungusha naye. Kila kituo husisimua mshipa wa fahamu mahali pake: cha mlangoni kwa sauti nyembamba, cha ndani kwa nene. Seli zilizokufa zinarukwa kabisa, na mshipa unapewa umeme moja kwa moja.

Hiyo ndiyo njia aliyosema daktari. Uzi unahitaji mfereji ulio wazi.

Wazo la kusikia kwa umeme ni la zamani. Mtaliano Alessandro Volta, yule aliyevumbua betri, alijitia vyuma masikioni akaviunganisha na betri yake. Mwaka 1800 akaandika kwamba alisikia mlio kama wa kitu kizito kinachochemka. Mwaka 1957 huko Paris, André Djourno na Charles Eyriès walimwekea mgonjwa kiziwi waya wa kusisimua mshipa wa kusikia. Alitambua mapigo ya sauti, maneno hapana. Daktari Mmarekani William House akaanza kujaribu Los Angeles mwaka 1961. Wanasayansi wengi wakubwa wa masikio walisema jambo hili halitafika popote. Mshipa wa kusikia una nyuzi kama 30,000; nyaya chache za binadamu zitaziambia nini?

Mtu niliyemsoma kuliko wote ni Graeme Clark wa Australia. Alizaliwa mwaka 1935 katika mji mdogo wa Camden. Baba yake alikuwa mfamasia mwenye usikivu hafifu. Mteja anaingia dukani na haja yake ya siri, anaisema kwa sauti ya chini kama mtu yeyote angefanya, na mfamasia inambidi amwombe apaze sauti mbele ya wateja wengine. Mtoto anasimama pale, anaona aibu inavyompanda baba yake na inavyompanda mteja. Alipoulizwa utotoni atakuwa nani, alijibu kwamba atatengeneza masikio.

Akawa daktari wa upasuaji wa masikio, na alikuwa na kazi nzuri Melbourne alipoamua kuiacha arudi kusoma. Alifanya utafiti kwa paka, akapima jinsi seli za ubongo zinavyoupokea umeme, na mwaka 1969 akapata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Sydney. Alichokigundua kilikuwa kibaya kwa wenzake waliotumaini waya mmoja: ukisisimua mahali pamoja haraka haraka, seli zinashindwa kufuata. Sauti nyembamba haziwezi kupita hapo. Kwa hiyo lazima vituo viwe vingi, kila kimoja mahali pake kwenye konokono. Mwaka 1970 akawa profesa Melbourne. Fedha za utafiti zilikuwa za shida, mpaka akategemea michango ya wananchi iliyokusanywa kwa makopo na kwa vipindi vya televisheni. Nampenda kwa hilo. Mtu mwenye cheo chake kusimama na kopo mkononi kwa ajili ya masikio ya watu asiowajua si jambo dogo.

Kikwazo kilichomsumbua kilikuwa cha mkono tu. Uzi wenye vituo haukuwa unaingia. Ukisukumwa ndani ya konokono unafika zamu ya kwanza, unakwama, na ukilazimisha unararua. Akishindwa kuufikisha ndani ya kutosha, vituo havitafikia sehemu za usemi, na kazi ya miaka kumi inakuwa bure.

Mwaka 1977 alikuwa mapumzikoni na familia yake kwenye ufukwe wa Minnamurra. Akaokota gamba la konokono wa baharini, mfereji wake ukijizungusha kama wa sikioni. Akaanza kuingiza vijiti na majani. Vijiti vigumu vilikwama. Jani la nyasi, lenye ncha laini na shina linalozidi kuwa gumu kadiri unavyorudi nyuma, liliteleza likazunguka mpaka ndani. Jibu lilikuwa hapo: uzi uwe laini mbele, mgumu nyuma.

Tarehe 1 Agosti 1978, Melbourne, alimpandikizia Rod Saunders, mtu mzima aliyepoteza usikivu katika ajali ya gari. Majaribio ya kwanza baada ya jeraha kupona hayakutoa sauti yoyote. Kumbe hitilafu ilikuwa kwenye mitambo ya nje. Iliporekebishwa wakampigia wimbo wa taifa, na Saunders akasimama wima. Fikiria hilo. Hakuna aliyemwambia ni wimbo gani. Baadaye alipoanza kutambua maneno kwa kusikia tu, bila kutazama midomo, Clark aliingia chumba cha pembeni akalia.

Haki itendeke: Clark hakuwa peke yake. Ingeborg Hochmair na mumewe Erwin huko Vienna walikuwa na kifaa chao cha vituo vingi kilichopandikizwa Desemba 1977, miezi kadhaa kabla. Na Mmarekani Blake Wilson ndiye aliyetoa mwaka 1991 njia ya kuvipa vituo zamu, mmoja baada ya mwingine kwa kasi kubwa, ili umeme wa kituo kimoja usimwagikie jirani yake. Hapo watu wengi wakaanza kuelewa mazungumzo vizuri zaidi. Mwaka 2013 Clark, Ingeborg Hochmair na Wilson walitunukiwa pamoja Tuzo ya Lasker, tuzo kubwa ya tiba ya Marekani. Marekani ilikiruhusu kifaa cha Clark kwa watu wazima mwaka 1985 na kwa watoto kuanzia miaka 2 mwaka 1990. Kwetu, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza upandikizaji huu mwaka 2017. Kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa nje, hasa India.

Yote haya niliyasoma nikijua kwamba kwa mtoto wetu hayawezekani, au yanawezekana kwa kiasi ambacho madaktari hawakutupa matumaini nacho. Kuna watoto ambao mfereji umeziba mwanzoni tu, daktari akatoboa kidogo akapita. Wa kwetu ulikuwa umeziba mzunguko mzima.

Kinachotokea ni hiki. Vijidudu vya homa ya uti wa mgongo hupita kutoka kwenye majimaji yanayozunguka ubongo, kwa kijia chembamba, mpaka ndani ya koklea. Huko hukaanga seli za kusikia. Dawa ikiua vijidudu, kidonda kinabaki, na mwili unakitibu kwa namna unayoijua: unaweka makovu, kisha unaweka mfupa. Kazi hiyo huweza kuanza ndani ya wiki chache tu. Ndiyo maana wataalamu husema mtoto aliyetoka kuugua ugonjwa huu apimwe usikivu mapema, ndani ya wiki nne za kupata nafuu, na akikutwa kiziwi apelekwe haraka kwenye kituo cha upandikizaji, wala asiwekwe kwenye foleni ya kawaida. Wiki nne. Sisi tulikuwa tukihesabu korosho.

Nikimweleza mtu habari hii, mara nyingi huniuliza, je, angewekewa kifaa angekuwa kama zamani? Hapana. Nataka hili lieleweke kwa mzazi yeyote anayefikiria safari hiyo. Kifaa hakirudishi sikio. Watu waliosikia zamani wakapandikizwa wakiwa wakubwa husimulia kwamba siku za kwanza sauti za watu huwa kama za mashine au ndege wanaolia, na ubongo huchukua miezi kuzizoea. Muziki hubaki mgumu kwa wengi. Mtoto aliyezaliwa kiziwi inabidi afundishwe kusikia kama anavyofundishwa kusoma, na umri ndio kila kitu, kwa sababu sehemu ya ubongo inayosubiri sauti haisubiri milele. Miaka mitatu, minne ya mwanzo ndiyo yenye rutuba. Kisha kuna betri, kuna nyaya za kubadilisha, kuna kurudi tena na tena kwa wataalamu kurekebisha kifaa. Kwa mtu wa Lindi kila kurudi huko ni kilomita 450 hivi za barabara, kwenda tu. Nimekutana na wazazi waliopambana mpaka wakapata kifaa, wakashindwa na nauli. Huduma ya kukirekebisha ikisogea karibu na watu, hapa kusini, tutakuwa tumeongeza masikio mengi bila kununua kifaa hata kimoja.

Na kuna jambo ambalo viziwi wenyewe walinifundisha, nikiwa nimekwenda kwao na huzuni zangu. Kifaa hiki kilipoanza kuwekewa watoto, jamii za viziwi Marekani na Ulaya zilipinga kwa nguvu. Walisema: mnatuona tumeharibika, mnataka kututengeneza, na mnawanyima watoto wetu lugha yao. Mwanzoni nilidhani ni ukaidi. Sasa siwezi kusema hivyo. Mtoto wetu alikaa zaidi ya mwaka mzima bila lugha yoyote. Ya masikioni ilikuwa imekatika, maneno machache aliyokuwa nayo yakadondoka moja moja, na ya mikono hatukumpa kwa sababu tulikuwa bado tunasubiri daktari amponye. Alikuwa anatuvuta nguo, anaonyesha, hatumwelewi, anajitupa chini analia mpaka anatapika. Watu wakasema ana hasira. Mtoto wa miaka mitatu ana mambo kichwani na hana mlango wa kuyatolea. Wewe ungefanya nini?

Mwalimu mmoja kiziwi ndiye aliyetuokoa. Alikuja kila Jumamosi, akatufundisha sote Lugha ya Alama ya Tanzania, Mama akiwa wa kwanza kushika na mimi wa mwisho. Vidole vyangu ni vizito. Jioni moja baada ya wiki nyingi, mtoto alisimama mbele yangu, akaniuliza kwa mikono, Bibi yuko wapi? Lilikuwa swali lake la kwanza. Awali alikuwa anaomba vitu tu. Nilimjibu kwa mikono inayotetemeka kwamba Bibi kaenda sokoni, anarudi. Akatikisa kichwa kukubali, akaondoka zake kucheza. Alikuwa amepata habari aliyoihitaji, basi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: mzazi mwenye nafasi ya kifaa akimbilie kifaa, na siku hiyo hiyo ampe mtoto alama. Alama hazizibi masikio. Zinamlinda mtoto asikae gizani huku wakubwa wakipanga safari.

Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni 430 wanahitaji huduma kwa sababu ya kupoteza usikivu, na kwamba kwa watoto visa 60 katika kila 100 vingeweza kuzuilika. Mengi ya kuzuia tunayo tayari kliniki. Chanjo ya surua na rubela, iliyoanza kutolewa pamoja nchini mwaka 2014, inamlinda mtoto aliye tumboni, kwa sababu rubela kwa mama mjamzito huweza kumfanya mtoto azaliwe kiziwi. Chanjo nyingine za watoto wachanga huzuia aina kadhaa za vijidudu vya homa ya uti wa mgongo. Sikio linalotoka usaha si la kutiliwa mafuta ya nazi na kusahauliwa. Na ukiona mtoto mwenye homa kali ametikisika, shingo imekaza, usiku huo huo nendeni. Akipona, kabla hamjasaini karatasi, ulizeni: masikio je? Wakiwaambia msubiri, ulizeni mahali pengine.

Mzee wa kahawa bado anapita. Anagonga vikombe kama zamani, kwa ajili ya mtaa. Akifika mlangoni kwetu hunyamaza, husogea mpaka kivuli chake kiingie ndani, akasubiri.

Mwezi uliopita nilikuwa likizo. Asubuhi maji yalikuwa yamekupwa sana, mpaka ngalawa zimelalia ubavu, na ng'ambo Kitunda panaonekana kama unaweza kutembea ufike. Nilichomoa vijiti viwili vitatu kwenye fagio la chelewa la Mama, nikamchukua mtoto tukashuka pwani. Ana miaka sita sasa, anasoma, na ananisahihisha alama zangu kwa kunishika vidole na kuvipanga upya bila kuniomba ruhusa.

Tuliokota gamba la konokono, kubwa kama ngumi yake. Nikamwonyesha. Upande mnene wa chelewa uliingia kidogo, ukagonga ukuta wa zamu ya kwanza, ukakwama. Nikageuza, nikaingiza ncha nyembamba, ile inayolegea kama unywele. Ikateleza, ikapinda yenyewe, ikazidi kwenda, mpaka vidole vyangu vikagusa mdomo wa gamba. Aliangalia kwa makini sana, akaninyang'anya, akarudia mwenyewe mara nne.

Kisha akakimbia, akarudi na gamba jingine alilolipata kwenye matope ya mikoko. Lilikuwa zito. Mchanga na chokaa vilikuwa vimeshikana ndani yake kama saruji. Akaweka ncha ya chelewa mdomoni mwake, akasukuma. Ikapinda nje. Akasukuma tena, akaligeuza, akachungulia, akalitikisa karibu na shavu lake. Akaniangalia, akaniambia kwa mikono: limejaa.

Nikamwambia ndiyo, limejaa.

Alilipima na lile la kwanza, moja kila kiganja. Lile jepesi akanirudishia. Lile zito akalifuta matope kwa gauni lake, akalitia mfukoni, akaendelea mbele yangu kutafuta mengine.